Kabla ya kumpeleka mbwa wako kwa daktari, uliza kliniki ni ya nani

Tuseme ni Jumapili usiku, uko kwa keja yako hapa Machakos mjini. Mbwa wako wa miezi mitatu, yule uliyemnunua kwa pesa ya kibarua, ameanza kutapika. Kufikia asubuhi anaharisha damu na hata kichwa hainui. Unauliza mtandaoni, kila mtu anakujibu neno moja: pavo. Sasa unafanya nini?

Wengi wetu tunaanzia agroveti. Muuzaji anakusikiliza dakika mbili, anakupa tembe za minyoo au chupa ya antibiotiki, unalipa na M-Pesa, unarudi nyumbani na matumaini. Ukiwa na bahati anakupa namba ya daktari anayezunguka na pikipiki. Bahati ikizidi, daktari huyo anashika simu na hayuko Masii akimzalisha ng'ombe wa mtu.

Shida ni kwamba pavo ni virusi. Dawa ya minyoo haivigusi. Kinachomwokoa mbwa ni maji ya mshipa, dawa ya kuzuia kutapika na mtu wa kumwangalia siku kadhaa. Kilichofaa zaidi kilikuwa chanjo, ambayo huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa mara kadhaa hadi afikishe wiki kumi na sita.

Hebu sasa tubadilishe picha. Badala ya agroveti, kuna kliniki kubwa yenye vioo, mashine ya kupima damu, kitanda cha kulaza wagonjwa na daktari wa zamu usiku. Unampeleka, anapimwa hiki na kile, analazwa, anapona. Halafu unaletewa bili, na ukiisoma unaona heri ungelipa kodi ya nyumba. Unashukuru, lakini ukiwa njiani kurudi nyumbani swali linakukera: vipimo vyote vile vilihitajika kweli? Nani aliamua, daktari au mwenye kliniki?

Swali hilo limewakera Waingereza kwa zaidi ya miaka miwili sasa. Nasi tunafaa kuliuliza mapema, kabla mambo hayajatufikia.

Jina la zamani, mwenyewe mpya

Uingereza, hadi mwaka wa 1999, kliniki ya wanyama ilikuwa mali ya daktari wa wanyama. Sheria ilipolegezwa, mtu yeyote mwenye pesa aliruhusiwa kumiliki. Mambo yalienda polepole mwanzoni, kisha yakashika kasi. Mnamo 2013, kliniki zinazojitegemea zilikuwa takriban asilimia 89. Kufikia 2021 zilikuwa zimeshuka hadi asilimia 45 hivi. Leo makundi sita makubwa yanashikilia sehemu kubwa ya soko: CVS, IVC Evidensia, Linnaeus, Medivet, Pets at Home na VetPartners.

Angalia ni nani wako nyuma ya majina hayo. Linnaeus ni ya Mars, kampuni ile ile ya chokoleti ya Snickers, ambayo pia hutengeneza chakula cha mbwa cha Pedigree na cha paka cha Whiskas. Mnamo 2017 Mars ilinunua VCA, mtandao wa Marekani wenye hospitali za wanyama zipatazo 800, kwa dola bilioni 9.1. IVC Evidensia nayo ina mkono wa kampuni ya uwekezaji ya EQT, na Nestlé ina hisa humo. Ndiyo, Nestlé ile ya Milo na Nescafé, na pia ya chakula cha wanyama cha Purina. Kwa hivyo kampuni inayomlisha mbwa wako inaweza kuwa ndiyo inayomtibu na kukushauri umlishe nini.

Ujanja uko hapa: makundi mengi yanaponunua kliniki hayabadilishi jina. Kibao kinabaki kile kile, muuguzi ni yule yule, hata rangi ya mlango haibadiliki. Mteja anaamini bado yuko kwa daktari wa familia, kumbe faida inaenda kwa mwekezaji ambaye hajawahi kushika mbwa. Ukihamia kliniki ya pili ili ulinganishe bei, huenda nayo ni ya kampuni ile ile. Ukielekezwa hospitali kubwa au maabara, nazo huenda ni zao. Hata mahali pa kuchoma maiti ya mbwa wako panaweza kuwa pao.

Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya nchi hiyo, inayojulikana kama CMA, ilianza kuchunguza soko hilo Septemba 2023. Ilipoomba maoni ya umma ilipata 56,000 hivi, na karibu 11,000 kati yao yalitoka kwa watu wanaofanya kazi katika sekta yenyewe. Hao si wateja wenye hasira tu. Mei 2024 uchunguzi rasmi ulianza.

Uamuzi wa awali, uliotolewa Oktoba 2025, ulisema bei zilipanda kwa asilimia 63 kati ya 2016 na 2023, kasi kubwa kuliko ile ya mfumuko wa bei. Kwa wastani, kliniki za makundi makubwa zilitoza asilimia 16.6 zaidi ya zile zinazojitegemea. CMA ikapendekeza kliniki zilazimishwe kutangaza bei, ziseme wazi zinamilikiwa na nani, zitoe makadirio ya maandishi kwa matibabu ya zaidi ya pauni 500, na zisitoze zaidi ya pauni 16 (kama Sh2,700 hivi) kukuandikia dawa utakayoinunua kwingine.

Soma orodha hiyo tena. Hakuna lolote la ajabu pale. Bei iwe wazi, mwenyewe ajulikane, mteja awe huru kununua dawa anakotaka. Ni mambo ambayo hata mama mboga hutimiza bila kusukumwa. Lakini ilibidi serikali iingilie, kwa sababu mbwa akiwa anakufa mezani, hakuna mtu anayejadili bei.

Sisi tunahusika vipi?

Utasema hayo ni ya wazungu. Machakos hatuna makundi sita, kwanza hata kliniki ya kulaza mbwa ni ya kutafutwa. Ni kweli. Lakini tumeshaona filamu hii katika biashara nyingine.

Java ilifunguliwa 1999 pale Adams Arcade, Nairobi, kama mkahawa mmoja tu. Baadaye ikapita mikononi mwa ECP, kisha Abraaj mnamo 2017, kisha Actis mnamo 2019. Wewe ulikuwa unanunua kahawa ile ile. Maduka ya dawa ya Goodlife yalinunuliwa na LeapFrog mnamo 2016. Naivas, duka lililoanzishwa na familia moja, liliuza asilimia 40 ya hisa mnamo 2022 kwa kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius. Hakuna aliyevunja sheria, na huenda huduma iliimarika. Ninachosema ni hiki: mwekezaji huja pale anapoona wateja wa tabaka la kati wanaongezeka na biashara bado imetawanyika mikononi mwa watu wadogo wadogo.

Sasa toka hapa mjini uelekee Mavoko. Syokimau, Mlolongo, Athi River. Mageti, nyumba za kupanga na za kununua, na karibu kila ua lina mbwa. Vijana wanaposti paka zao kuliko wanavyoposti wapenzi wao. Chakula cha mbwa cha pakiti kimekuwa na rafu yake supamaketi. Hapo ndipo mwekezaji atakapoanzia, na hahitaji kumuuliza mtu.

Na si mara ya kwanza kwa huduma hii kubadilisha mwenyewe. Uliza mzee yeyote aliyefuga ng'ombe Ukambani atakwambia: zamani daktari wa mifugo alikuwa wa serikali. Josho lilikuwa la serikali, huduma ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu ilikuwa ya serikali, na mkulima alilipa kidogo sana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuingia ya 1990, chini ya masharti ya wakopeshaji wa nje, serikali iliacha kuajiri kila daktari aliyehitimu Kabete na kuwaambia wafungue kliniki zao.

Matumaini yalikuwa kwamba madaktari wa kibinafsi wangejaza pengo kote nchini. Kilichotokea ni kwamba walienda kwenye pesa. Walijaa sehemu zenye ng'ombe wa maziwa na mvua ya kutosha, maeneo kama Kiambu na Nyeri. Sehemu kame ziliachiwa wasaidizi wa mifugo, wauza dawa na waganga wa kubahatisha. Agroveti unayoenda leo na mbwa wako ni mtoto wa uamuzi huo.

Ndiyo maana sitaki uondoke hapa ukidhani shida ni "kampuni kubwa" peke yake. Mwenye agroveti anapata faida kwa kuuza chupa, si kwa kukwambia "huyu hahitaji dawa, mpe maji na usubiri". Kundi kubwa nalo linapata faida kwa vipimo na kulaza. Mmoja anakuuzia antibiotiki isiyohitajika kwa bei ya chini, mwingine anakuuzia kipimo kisichohitajika kwa bei ya juu. Swali la kuuliza ni moja kote: huyu anayenishauri analipwa vipi?

Tusiwaonee, wana mazuri yao

Nitakuwa muungwana. Mtaji mkubwa una faida. Mashine ya eksirei haishuki kutoka mbinguni. Daktari anayefanya kazi peke yake hawezi kukesha kila usiku, akiugua kliniki inafungwa, na akistaafu mara nyingi hana wa kumwachia. Kampuni inaweza kuajiri madaktari wanne wapeane zamu. Inaweza kununua chanjo kwa wingi na kuzihifadhi kwenye baridi inayofaa. Kwa kijana aliyemaliza digrii ya miaka mitano na anatafuta kazi, mshahara wa kila mwezi ni afadhali kuliko kukimbizana na madeni ya wakulima.

Kwa hivyo siwezi kukwambia usiende kwenye kliniki ya kampuni. Mbwa mwenye pavo akipata dripu kwa wakati, hajali hisa ni za nani. Ninachosema ni kwamba faida hizo zinapatikana hata bei ikiwa wazi na mwenyewe akijulikana. Anayekwambia huwezi kupata moja bila nyingine anakuuzia uwongo.

Ugonjwa usiojua geti

Kuna jambo moja ambalo soko haliwezi kutufanyia, hata likiwa na madaktari wazuri namna gani. Jambo hilo ni kichaa cha mbwa, na Machakos tunalijua kuliko wengi.

Watafiti walichunguza mbwa wa Machakos miaka ya 1990, na kazi yao bado inasomwa na wataalamu wa ugonjwa huu duniani. Walikuta kwamba mbwa wanaozurura vijijini si "koko" wasio na wenyewe. Karibu wote walikuwa na boma lao, ila hawakufungwa. Wengi walikuwa wachanga, kwa maana mbwa wanakufa na kuzaliwa haraka sana. Maana yake ni kwamba ukichanja leo na ukalala miaka miwili, utaamka ukute kizazi kipya kisicho na kinga.

Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu, ni karibu kifo cha hakika. Duniani huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na takriban 4 kati ya 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Asilimia 99 ya visa hutoka kwa mbwa. Wanasayansi wanakubaliana kwamba ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kuendelea hivyo kila mwaka, ugonjwa unakatika. Kenya iliandika mpango wa kuumaliza kati ya 2014 na 2030, na Machakos ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza, pamoja na Makueni, Kitui, Kisumu na Siaya. Hesabu mwenyewe miaka iliyobaki.

Hapo ndipo suala la umiliki linapouma. Mbwa wa Syokimau atachanjwa, kwa sababu mwenyewe ana pesa na kliniki iko karibu. Mbwa wa shosho kule Mwala au Masinga hatachanjwa na kampuni yoyote, kwa sababu hakuna faida ya kumfuata. Lakini chanjo ile haimlindi shosho peke yake. Inamlinda mtoto wa jirani anayeenda shule, muuza maziwa wa alfajiri, na hata wewe ukirudi ushago Desemba. Faida inaenda kwa kila mtu, gharama anaachiwa mmoja. Biashara ya namna hiyo haina mwekezaji. Ni lazima iwe na serikali.

Na serikali hiyo si ya Nairobi. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Huduma za mifugo zimewekwa chini ya kaunti, tena katika orodha ya huduma za afya, sambamba na zahanati na ambulensi. Mbele kidogo, kaunti imepewa jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, leseni za mbwa, na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na hata kuwazika wanyama. Serikali ya kitaifa imebaki na kazi ya kusimamia taaluma yenyewe. Kwa hivyo kliniki ya wanyama haipaswi kuwa jambo la matajiri wa Mavoko tu. Kwenye sheria, ni afya ya umma.

Hofu yangu ni hii. Kliniki nzuri za kibinafsi zikija, viongozi watapumua na kusema "huduma ipo sasa". Bajeti ya chanjo itapunguzwa kimyakimya, kama ilivyokuwa miaka ya 1990. Wenye sauti, yaani sisi wa simu na mitandao, hatutapiga kelele kwa sababu paka zetu ziko sawa. Tutakuja kushtuka mtoto akishaumwa.

Basi ufanye nini wiki hii?

Kwanza, tafuta daktari kabla mbwa hajaugua. Bei ya chanjo ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya kulaza, na swali la bei huulizwa vizuri mtu akiwa hana presha.

Pili, hakikisha anayemtibu amesajiliwa. Sheria ya Madaktari wa Mifugo na Wasaidizi wao ya 2011 iliipa bodi iitwayo KVB jukumu la kuwasajili na kuwapa leseni. Kuomba kuona leseni si dharau. Daktari wa kweli atakuonyesha huku akitabasamu.

Tatu, zoea maswali manne, na uyaulize kwa adabu: "Daktari, kipimo hiki kitabadilisha matibabu? Tukikosa kukifanya leo, hatari ni ipi? Jumla inaweza kufika ngapi? Unaweza kuniandikia dawa nikanunue kwingine?" Daktari mwaminifu hayaogopi. Ukiona mtu ananuna, umeshapata jibu.

Nne, uliza kliniki ni ya nani. Sikwambii uitoroke ikiwa ni ya kampuni. Ni kwa sababu mtu akijua anaonekana, anajiheshimu. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya tunayo tayari, na kazi yake ni pamoja na kukagua kampuni zinaponunuana. Lakini haiwezi kushughulikia malalamishi ambayo hakuna aliyeyapeleka.

Tano, Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Usingoje ifike. Kaunti inapoita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, nenda, au tuma ujumbe, na uulize swali moja tu: mwaka huu mmepanga kuchanja mbwa wangapi, na wako wadi gani? Kisha siku ya chanjo ikitangazwa kijijini kwenu, piga simu nyumbani. Mwambie mama, au yule binamu anayechunga, amfunge Simba kamba ampeleke. Kampeni nyingi hukosa kufikia lengo kwa sababu hakuna aliyekuwa nyumbani wa kumshika mbwa.

Kliniki yenye vioo itakuja, leo au kesho. Ikija, ikute wateja wanaojua kuuliza na kaunti inayojua kazi yake. Na yule mbwa mdogo anayelala kando ya kitanda chako ukisoma haya, umeshaangalia chanjo yake ya mwisho ilikuwa lini?